Mvinyo uliovunja rekodi, na walioonja walisema nini

Rekodi za mvinyo ni nyingi, na karibu zote hupimwa kwa namba: umri, bei, kimo cha shamba, urefu wa ghala. Mimi nazipanga kwa kigezo kimoja: je, kuna mtu aliyekunywa, na alipokunywa alisema nini? Mvinyo hutengenezwa ili unywewe. Chupa isiyoonjwa na mtu inaweza kuwa fahari ya makumbusho, lakini mezani haina habari ya kutupa.

Kwa kigezo hicho, bingwa wa umri anaanguka mapema. Mwaka 1867, karibu na mji wa Speyer, Ujerumani, ilifukuliwa chupa ya kioo ya lita moja na nusu kutoka kaburi la Kirumi. Inakadiriwa kuwa ya kati ya mwaka 325 na 350. Ndani bado mna majimaji, kwa sababu aliyeifunga alimimina mafuta ya zeituni juu ya mvinyo kisha akaziba mdomo kwa nta, hewa isipate pa kupita. Haijafunguliwa hadi leo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Córdoba walitangaza mzee kuliko huyo: takriban lita tano za mvinyo mweupe, wa miaka kama 2,000, uliokutwa kwenye chombo cha kaburi huko Carmona, Hispania, ukiwa umechanganyika na mifupa iliyochomwa ya marehemu. Walioonja huo ni mashine za maabara, na hapo panatosha.

Ukitaka mvinyo mkongwe uliopita kwenye ndimi za watu, shuka chini ya hospitali ya Strasbourg, Ufaransa. Ghala la hospitali hiyo lilianzishwa mwaka 1395, na ndani yake limo pipa la mvinyo mweupe wa mwaka 1472. Katika karne tano na ushei, kumbukumbu zinataja mara tatu tu watu kuonjeshwa: mwaka 1576, mwaka 1718, na mwaka 1944, jenerali Leclerc alipoukomboa mji kutoka mikononi mwa Wajerumani. Ile ya mwaka 1576 ndiyo inayonivutia zaidi. Watu wa Zürich walipiga makasia siku nzima wakiwa na chungu kikubwa cha uji, wakafika Strasbourg ungali na joto. Walitaka kuwaonyesha rafiki zao kwamba siku wakivamiwa, msaada utawahi. Wenyeji walitafuta cha kuwapa wageni wa namna hiyo, wakachota mvinyo huo, ambao tayari ulikuwa na umri wa miaka mia moja. Mwaka 1994 wataalamu waliupima na kuunusa, wakaandika vanila, asali, nta, kafuri na viungo. Mwaka 2015 ulihamishiwa kwenye pipa jipya kwa sababu la zamani lilikuwa linavuja.

Mkongwe wa chupa aliyekunywewa kwenye glasi ni mwingine: mvinyo wa mwaka 1540 kutoka shamba la Stein, mjini Würzburg, Ujerumani. Mwaka ule Ulaya ilipata joto na ukame usio wa kawaida, mito ikapungua, na zabibu zikaiva kwa utamu mwingi. Chupa hiyo ilifunguliwa London mwaka 1961, na kati ya waliokaa mezani alikuwapo Hugh Johnson, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mkubwa wa mvinyo. Chupa nyingine kongwe za karne ya 19 zilizofunguliwa kwenye kikao hicho zilikuwa zimekufa kabisa. Hii ya 1540 ilikuwa hai. Ilikuwa imepata rangi ya kahawia na ladha ya kukumbusha mvinyo wa Madeira, ikadumu kwa mafunda mawili hivi, kisha hewa ikaimaliza na kugeuka siki wakiwa bado wameshika glasi. Kwangu hii ndiyo rekodi kubwa kuliko zote nitakazozitaja hapa. Kitu kiliwekwa kabla ya Fort Jesus kujengwa Mombasa, kikasubiri miaka 421, kikawapa watu wachache dakika zake za mwisho, nao wakatuachia maelezo.

Sasa tuje kwenye shampeni ya chini ya bahari. Mwezi Julai 2010 wapiga mbizi walikuta mabaki ya meli katika Bahari ya Baltiki, karibu na visiwa vya Åland vya Finland, mita kama 50 kwenda chini. Ndani yake mlikuwa na chupa 168 za shampeni, zilizokaa huko miaka kama 170. Maji ya pale ni baridi na giza ni la kudumu. Ukitafuta ghala bora zaidi duniani hulipati. Lebo zilikuwa zimeoza, lakini alama zilizochapwa kwenye vizibo zilitaja nyumba za Veuve Clicquot, Heidsieck na Juglar.

Kemia yake peke yake ni habari. Sukari ilizidi gramu 140 kwa lita, wakati shampeni kavu ya siku hizi haipaswi kufikisha gramu 12. Hata soda ya kola haifikii utamu huo. Ina kama gramu 106. Mabwana na mabibi wa karne ile walikunywa shampeni kama sharubati. Lakini mimi nilishikwa na ripoti ya waonjaji, iliyochapishwa mwaka 2015. Chupa ilipofunguliwa tu, waliandika harufu ya mnyama, ya nywele zilizolowa, na pengine ya jibini. Mwenye haraka angemwaga. Wao walizungusha glasi taratibu, wakauacha upumue. Ndipo ikaja harufu ya kitu kilichochomwa, ya moshi, ya viungo na ya ngozi, na nyuma yake matunda na maua. Mvinyo uleule, glasi ileile, tofauti ni kuzungusha na kusubiri. Chupa moja ya Veuve Clicquot iliuzwa mnadani mwaka 2011 kwa euro 30,000, na bado naona ripoti ile ina thamani kubwa kuliko mnada, maana inamfundisha hata mwenye chupa ya bei ya kawaida asihukumu funda la kwanza.

Kwenye bei, mwaka 2018 chupa ya Romanée-Conti ya mwaka 1945 iliuzwa kwa dola 558,000 kwenye mnada wa Sotheby's, New York. Wenye mnada walitarajia isizidi dola 32,000. Sababu za kupanda hivyo zinaeleweka: shamba lenyewe, huko Burgundy, halifiki hekta mbili, mavuno ya mwaka ule yalitoa chupa 600 tu, na baada yake mizabibu ya zamani iling'olewa. Chupa ya kawaida hujaza glasi sita ndogo, hivyo kila glasi ingegharimu dola 93,000. Swali langu la walisema nini linabaki palepale. Chupa za namna hii hununuliwa ili zifungiwe. Hasara kubwa nayo ina historia yake. Mwaka 1989 mfanyabiashara wa mvinyo William Sokolin alibeba chupa ya Château Margaux iliyosemekana kuwa ya mwaka 1787 hadi kwenye chakula cha jioni katika hoteli moja ya kulia ya New York. Ikagongwa, ikatoboka, mvinyo ukamwagika. Bima ililipa dola 225,000.

Mvinyo uliosafiri mbali kuliko mwingine wowote wa kiwango chake ni Petrus ya mwaka 2000. Chupa 12 zilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwezi Novemba 2019, zikakaa miezi 14 zikiizunguka dunia. Mwezi Machi 2021, mjini Bordeaux, waonjaji 12 waliwekewa mvinyo wa angani na ndugu yake aliyebaki duniani bila kuambiwa upi ni upi. Mmoja wao, Jane Anson, aliona ule wa angani umezeeka kama miaka miwili au mitatu zaidi, ukakasi wake umelainika na harufu ya maua imeongezeka. Hiyo ni kazi safi ya ulimi.

Rekodi nyingine nazipitia kwa haraka, kwa sababu zinasimama bila maelezo. Mabaki ya mvinyo ya kale zaidi yanayojulikana yalikutwa kwenye vyungu vya Georgia, ya miaka 6000 hivi kabla ya Kristo. Kiwanda kikongwe zaidi kilichofukuliwa ni cha pango la Areni, Armenia. Mzabibu mkongwe zaidi unaozaa uko Maribor, Slovenia, una zaidi ya miaka 400, na mvinyo wake hutiwa kwenye vichupa vidogo vya kuwazawadia wageni wa heshima. Ghala la Mileștii Mici, Moldova, liliingia kitabu cha Guinness mwaka 2005 kwa akiba kubwa kuliko zote. Mahandaki yake ni ya kilomita 200 hivi, na wageni huzungushwa kwa gari.

Waonjaji nao wana rekodi zao, na hapo pana funzo kwa kila mwenye meza. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio lililohusisha wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Walikuwa wamesoma, wana pua nzuri, ila macho yaliwahi kusema kabla ya pua. Mwaka 2008 watafiti wa California walifanya hivyo kwa bei: mvinyo uleule ulipotajwa kuwa wa dola 90 uliwapendeza watu kuliko ulipotajwa kuwa wa dola 10, na picha za ubongo zilionyesha raha hiyo ilikuwa ya kweli. Na yako yale mashindano ya Paris ya tarehe 24 Mei 1976, pale majaji wa Kifaransa walipoonja bila kuona lebo na kuipa California ushindi kwa mweupe na kwa mwekundu. Jaji mmoja alishusha pumzi ya faraja akidhani amerudi kwenye mvinyo wa kwao. Glasini mlikuwa na mvinyo wa Napa, California.

Kwa Afrika, kikosi ninachokiheshimu kuliko vyote ni cha Zimbabwe. Joseph Dhafana, Tinashe Nyamudoka, Marlvin Gwese na Pardon Taguzu walihamia Afrika Kusini kutafuta maisha, wakaanza na kazi za kawaida, wakaishia kuwa wahudumu wakuu wa mvinyo katika migahawa mikubwa. Mwaka 2017 walikwenda Ufaransa kwenye mashindano ya dunia ya kuonja bila kuona lebo, timu ya kwanza ya nchi yao. Hawakukulia kwenye nyumba zenye ghala la mvinyo. Walijijengea kumbukumbu ya ladha kwa kazi.

Nasi tuna rekodi yetu Dodoma. Iko kama nyuzi sita kusini mwa ikweta, mahali ambapo vitabu vya zamani vya kilimo cha mizabibu visingekushauri kupanda. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima wa Hombolo au Makutupora huulaza mwenyewe kwa kuukata matawi, na huvuna mara mbili kwa mwaka: karibu na Machi, na tena Agosti au Septemba. Mashamba ya mvinyo duniani yenye bahati hiyo ni machache.

Juzi tulikuwa na mwekundu mkavu wa Dodoma nyumbani, pamoja na mbuzi wa kuchoma na kachumbari. Nilikuwa nimeiweka chupa kwenye friji nusu saa, kwa kuwa mvinyo mwekundu wa joto la Dar es Salaam hunuka spiriti. Shemeji, aliyesoma nyuma ya chupa, alianza kutaja matunda ya Ulaya ambayo hakuna aliyewahi kuyatafuna pale mezani. Shangazi alikunywa kidogo, akaupitisha ulimi kwenye fizi, akasema: "Zambarau. Zile ambazo hazijaiva sawasawa." Tukaonja tena wote. Zambarau ilikuwapo: weusi ule, uchachu kidogo, na ukakasi unaokausha mashavu kwa ndani. Baada ya kipande cha nyama chenye mafuta, ukakasi ukatulia na ikaja harufu ya mdalasini. Sijasoma popote maelezo ya mvinyo wa Dodoma yaliyo sahihi kuliko yale ya shangazi.

Mwaka 1984 Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha gurudumu la harufu za mvinyo, ili watu waache kusema mvinyo ni wa kifahari na badala yake wataje kitu kinachonuswa. Wazo ni zuri, ila matunda yake ni ya kwao. La kwetu linaweza kuwa na zambarau, bibo, ukwaju, ubuyu, rozela, embe sindano, karafuu, moshi wa mkaa, udongo baada ya mvua ya kwanza.

Basi kama kwenu mnakunywa, wiki hii fungeni chupa kwa gazeti ili lebo isionekane. Mimineni kidogo kwa kila mtu, zungusheni glasi, subirini. Kila mmoja aandike neno lake kabla ya kusikia la mwenzake, na mkubwa wa nyumba asome la kwake mwisho. Kisha fumueni gazeti mtaje bei.