Ofisi ya Mzinga na wezi wa mtandaoni: laki mbili za kwanza ziende wapi?

Kwa mtu wa jeshi mzinga ni silaha, na shirika la Wizara ya Ulinzi lenye jina hilo lipo hapa hapa Morogoro. Kwa mfuga nyuki wa Uluguru mzinga ni nyumba ya asali. Ofisi ndogo za eneo letu la Mzinga, yaani SACCOS, shule binafsi, duka la pembejeo na zahanati, ziko upande wa asali: zina vya kulambwa na hazina silaha. Kompyuta tatu au nne, simu ya ofisi yenye laini ya malipo, na daftari la wanachama ambalo siku hizi limehamia kwenye Excel. Bajeti ya usalama ikipita kwenye kikao, kitu cha kwanza kununuliwa ni antivairasi. Kwangu hicho ni cha mwisho.

Windows 10 na 11 zinakuja na Defender ndani yake, bure, na kwa ofisi ya kompyuta nne inatosha ikiachwa imewashwa na ikipata masasisho. Leseni ya kulipia inadai pesa kila mwaka kwa kila mashine, na faida ya ziada utakayoiona ni ndogo. Kibaya zaidi ni ile ambayo fundi anakuwekea kwa elfu kumi ikiwa imekrakiwa. Hapo umemkabidhi ufunguo mtu usiyemjua ili akulindie mlango.

Pesa yako ya kwanza ipeleke kwenye bekapu. Mei 2017 kirusi WannaCry kilizunguka dunia kikifunga mafaili na kudai dola 300 kwa kompyuta, wakati kiraka cha kukizuia Microsoft walikuwa wameshakitoa tangu Machi. Aliyekuwa na nakala pembeni alifuta mashine, akapiga Windows upya, akaendelea na kazi. Asiyekuwa nayo alibaki na maamuzi mawili mabaya.

Dukani, kwa diski ya nje ya terabaiti moja tenga kama laki mbili, kisha bishana bei. Ukipata uwezo, nunua mbili: moja inatumika wiki hii, nyingine inalala kwa mwenyekiti, Ijumaa zinabadilishana. Diski inayokaa imechomekwa muda wote haina maana, kwa sababu kirusi kitaifunga pamoja na kompyuta. Na kwa kuwa inatoka nje ya ofisi na majina na mikopo ya watu, ifunge kwa nywila. VeraCrypt inafanya kazi hiyo bila malipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na inamhusu yeyote anayekusanya taarifa za watu, hata SACCOS ya wanachama mia mbili.

Njia nyingine ni kuweka nakala mtandaoni. Google inatoa gigabaiti 15 bure, na mafaili ya Excel ya SACCOS hayazijazi hata kwa miaka kumi. Gigabaiti 100 bei yake ya Marekani ni dola 1.99 kwa mwezi, ambayo nikihesabu dola kwa shilingi 2,500 inakuja kama elfu sitini kwa mwaka. Shule yenye picha na video itazihitaji, SACCOS haizihitaji. Faili likiharibiwa, Drive hutunza matoleo ya nyuma kwa siku 30, kwa hiyo usikae miezi miwili bila kufungua ukaangalia. Gharama iliyojificha ni bando. Ningekuwa mhasibu ningechukua zote mbili, ya bure na diski moja, na laki mbili za diski ya pili ningeziacha benki.

Simu nayo ni mlango wa wezi, na kuulinda hakuna gharama. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" kila Mtanzania ameshaipata. Kwenye ofisi inavaa suti: inakuja kwa barua pepe, jina ni la msambazaji wenu wa mbolea, na inasema akaunti yake ya benki imebadilika. Dawa yake ni kupiga simu kwenye namba mliyo nayo siku zote, wala si ile iliyoandikwa kwenye barua, na malipo makubwa yaidhinishwe na watu wawili. Muuza duka naye asikubali kuonyeshwa meseji ya malipo kwenye simu ya mteja; aangalie salio lake mwenyewe. Meseji za kitapeli zitumwe 15040. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, maana nimewahi kukuta watu wana laini wasizozijua. Kwenye WhatsApp weka PIN ya tarakimu sita. Atakayekuomba "namba sita zilizoingia kwako kwa bahati mbaya" anataka kuteka akaunti yako, kisha aitumie kutapeli kikundi kizima.

Flashi ya steshenari sina haja ya kuieleza sana. Umeenda kuchapa mtihani, umerudi, folda zote zimegeuka shotikati. Tuma faili kwa barua pepe, flashi ibaki nyumbani na nyimbo zake.

Kuna wanaouziwa "ulinzi wa tovuti" kwa bei ya kutisha. Julai 2023 tovuti ya serikali ya Kenya, eCitizen, ilizidiwa na mafuriko ya maombi ya uongo, na huduma zaidi ya 5,000 zikayumba. Lakini tovuti ya shule yenye kurasa tano haina adui wa namna hiyo, na mpango wa bure wa Cloudflare unaitosha.

Sehemu inayouma mfukoni ni kompyuta zenyewe. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi zinatumia mashine used ambazo Windows 11 inazikataa. Kampuni inaweza kulipia masasisho ya ziada: dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, kisha bei inajizidisha mara mbili, 122, halafu 244. Jumla ni dola 427 kwa miaka mitatu, zaidi ya milioni moja kwa kila kompyuta iliyochoka. Na ukisubiri mwaka wa pili, wa kwanza unaulipia pia. Kwa pesa hiyo bora utafute used nyingine, ila muulize muuzaji kizazi cha Intel: kuanzia cha nane inapokea Windows 11. Usiridhike na "Core i7", kwa sababu i7 ya kizazi cha nne imepitwa na i3 ya kizazi cha nane kwenye jambo hili.

Linux Mint ni bure na inakwenda vizuri kwenye mashine kongwe, pamoja na LibreOffice. Kikwazo ni programu ya uhasibu inayotaka Windows, na printa yenye ukaidi. Ijaribu kwanza kwa flashi kabla ya kufuta chochote. Katika ofisi ya kompyuta nne ningenunua moja ya mhasibu, mbili ningezipiga Mint, na ya nne ningeitoa kwenye Wi-Fi ibaki ya kuchapia barua.