Tusiache Mbachao kwa Msala Upitao

Tangu Desemba 1, 2025, walimu wa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) walipohamishwa kutoka mpango wa bima uliosimamiwa na kampuni ya Minet na kuwekwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, swali moja limetawala vyumba vya walimu hapa Nyeri: ipi bora, bima ya serikali au ya kampuni? Kwa maoni yangu, wanaoibeza bima ya lazima wanasahau mambo mawili.

La kwanza ni haki. Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, ilianzishwa mwaka wa 1966. Kwa viwango vya 2015, mfanyakazi wa mshahara wa Sh20,000 alikatwa Sh750 kwa mwezi, na wa Sh100,000 alikatwa Sh1,700. Aliyepata milioni moja pia alikatwa Sh1,700! Hazina mpya ya SHA ilipochukua nafasi yake Oktoba 1, 2024, kila mwajiriwa alianza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Wa kwanza sasa analipa Sh550 na wa pili Sh2,750. Mlinzi wa lango la shule amepunguziwa mzigo, naye mwalimu mkuu ameongezewa. Najua ongezeko hilo linauma, lakini hiyo ndiyo maana ya bima ya jamii: mwenye nguvu humwinua mnyonge.

La pili ni wakati. Sikatai kwamba bima ya kampuni ina raha yake, kwa kuwa hufungua milango ya hospitali ambazo wengi wetu tusingezimudu. Hata hivyo, ni mkataba wa biashara unaofanywa upya mara kwa mara, na mara nyingi hukoma ajira inapokoma. Desemba 2018, majaribio ya mpango wa afya kwa wote yalizinduliwa Nyeri pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo. Kaunti yetu ilichaguliwa kwa sababu ya wingi wa magonjwa yasiyoambukiza, kama vile kisukari. Ugonjwa wa aina hiyo huandamana na mtu hadi uzeeni, naye mstaafu mwenye kisukari si mteja ambaye kampuni humkimbilia.

Pamoja na hayo, serikali isijipigie makofi. Hospitali za makanisa kama Tumutumu, Mathari na Chogoria zilikuwa zikiwatibu watu wa Mlima Kenya kabla ya NHIF kuzaliwa. Hospitali za aina hiyo na za watu binafsi zimelalamika mara kwa mara kwamba bima ya serikali huchelewa kuzilipa. Hospitali isipolipwa, mgonjwa ndiye huambiwa akanunue dawa nje. Jina lililo katika orodha ya wanachama halijamtibu mtu hata mmoja.

Aidha, mpango wa Minet haukuwa zawadi. Uligharimiwa kwa marupurupu ya matibabu ambayo walimu wenyewe waliyaachilia. Kwa hivyo wana haki ya kuuliza fedha hizo zinatumikaje chini ya SHA, na kudai huduma zisipungue.

Kuna dosari nyingine isiyotajwa sana. Katika hazina ya malipo ya uzeeni, NSSF, mwajiri huchangia sawa na mfanyakazi wake. Katika bima ya afya, sheria inamtaka akate na kuwasilisha tu, bila kutoa hata senti yake. Kwa nini mwenye shule ya kibinafsi mjini Karatina, au mwenye shamba la maua karibu na Nanyuki, asichangie afya ya watu wanaomtajirisha?

Mwajiri anayeweza kuongeza bima ya kampuni juu ya ile ya lazima na aongeze, tutamshukuru. Vyama vya walimu navyo vidai mchango wa mwajiri na malipo ya haraka kwa hospitali. Nanyi wanafunzi, siku mtakapoitwa kazini, msiulize mshahara peke yake. Ulizeni pia ni nani atakayewatibu siku mtakapoacha kazi.