Ushauri wa Ukimwi Umebadilika: Je, Umekufikia?



Hapa Masara, na kote Migori na Homa Bay, ukimwi ulizika watu wengi kabla haujaeleweka. Wengi walisema ni chira, na mgonjwa akatafutiwa manyasi badala ya hospitali. Siku hizi ujuzi upo. Lakini mafundisho mengine ya zamani bado yanasemwa sokoni na hata majumbani mwetu, ingawa madaktari walishayabadilisha. Tuangalie mawili.

KUNYONYESHA

Zamani mama mwenye virusi aliambiwa, kama ana uwezo, asinyonyeshe bali ampe mtoto maziwa ya kopo. Ni kweli, virusi huweza kupita katika maziwa ya mama. Lakini maziwa ya kopo yanataka pesa, kuni na maji safi kila siku. Kule Botswana, mwanzoni mwa 2006, mvua kubwa ilileta ugonjwa wa kuhara, na watoto wa maziwa ya kopo ndio walioumia zaidi. Wengi walikufa.

Halafu ikaonekana kwamba mama akimeza dawa za ARV vizuri, hatari ya kumwambukiza mtoto kwa kunyonya inakuwa ndogo sana. Basi mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Mama ameze dawa kila siku, na anyonyeshe. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, bila uji wala maji. Baadaye chakula kingine kiongezwe, huku mtoto akiendelea kunyonya. Mtoto naye hupewa dawa ya kinga na kupimwa kliniki.

KUANZA DAWA

Mwaka 2001 hospitali ya Homa Bay, ikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka, ilianza kutoa ARV bila malipo. Wakati huo dawa zilikuwa ghali na chache, kwa hiyo zilipewa waliozidiwa. Wengine waliambiwa wangoje mpaka kinga ya mwili ishuke.

Utafiti uliotolewa 2015 ulionyesha kwamba anayeanza mapema hubaki na afya kuliko anayengoja. Tangu 2016 Kenya inafuata hivi: ukipimwa ukapatikana na virusi, unaanza dawa, hata kama unajisikia mzima. Tena, mtu anayemeza dawa mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Lakini virusi havijaisha mwilini. Akiacha dawa, vinarudi.

KWANI WALITUDANGANYA?

Hapana. Walisema walichojua siku ile. Hata wakati wa korona, mwanzoni mwa 2020, tuliambiwa barakoa ni za wagonjwa na wahudumu wa afya. Kufikia Juni mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani lilishauri hata watu wazima wavae mahali penye msongamano. Ujuzi ukiongezeka, ushauri hubadilika. Hatari ni pale ushauri mpya unapobaki hospitalini na ule wa zamani unabaki kijijini.

TUFANYE NINI?

1. Ukisikia ushauri wa afya, uliza: umetoka wapi, na ni wa mwaka gani?

2. Mhudumu wa afya ya jamii akija nyumbani, mpe kiti na umuulize yanayokutatiza. Usione haya.

3. Usiache dawa wala kunyonyesha kwa sababu ya maneno ya jirani. Nenda kliniki kwanza.

4. Tukiombea wagonjwa, tusimwambie mtu yeyote aache dawa. Ukiamini umepona, endelea kumeza, ukapimwe. Maombi na dawa si maadui.

5. Ulichofundishwa kliniki, kipeleke kwenye kikundi cha akina mama, cha vijana na cha wavuvi. Ila siri ya mgonjwa ibaki siri yake.

Mungu ametupa akili ya kujifunza. Tuitumie, na tusimnyime jirani alichotufundisha daktari.