Fundi wa vioo na bidoni ya mawese

Ndugu wanachama, tunapotaka kuanza biashara ndogo, hata filamu za kuchekesha ziko na la kutufundisha. Katika The Kid ya mwaka 1921, Charlie Chaplin ni fundi wa vioo. Mtoto anatangulia, anavunja madirisha kwa mawe. Kisha Chaplin anapita na vioo mugongoni, kama vile ni bahati tu! Kazi anaijua, na anafika saa ile mteja anamuhitaji. Hapo ni vizuri. Lakini polisi anamushuku, anamufukuza, na mutaa ule umekwisha kwake. Ni sawa na yule anayechanganya maji ndani ya mawese: anauza mara moja tu.

King Majuto wa Tanga, wengi tunamujua. Mwaka 2018, mwaka aliofariki, serikali ya Tanzania iliunda kamati ya kuangalia mikataba ya wasanii, yake ikiwemo. Mutu anaweza kupendwa na wote na bado feza zisimufikie. Kwa hiyo, kabla bidoni haijapanda mutumbwi, tuandike ndani ya kaye: nani amechukua, ngapi, bei gani, atalipa siku gani. Hata kama ni shemeji.