Kujitegemea kwa Mtu Mwenye Ulemavu: Nani Anaamua?

Neno kujitegemea limezoeleka mno katika mafunzo yetu ya siasa, hata maana yake imeanza kuchakaa. Mwanafunzi akiulizwa, hujibu upesi kwamba kujitegemea ni kufanya mambo yako kwa nguvu zako mwenyewe bila kumtazamia mtu. Jibu hilo likikubaliwa hivyo lilivyo, basi mtu asiyeweza kunyanyua mkono wake, ambaye huogeshwa, huvikwa nguo na kulishwa na mwingine, hawezi kujitegemea kamwe. Atahesabiwa miongoni mwa wasiojiweza mpaka siku ya kufa kwake, na jamii itajiona imetimiza wajibu ikimhurumia.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo ni kosa la nadharia, na kwamba huzaa makosa katika utendaji wa makada. Watu wenye ulemavu wenyewe wamekwisha kulisahihisha, kwa fikra na kwa mapambano. Kipimo chao cha kujitegemea ni swali moja: nani anaamua juu ya maisha yako?

HURUMA NA MADARAKA

Wahenga walisema, kabla hujafa hujaumbika. Methali hiyo ina hekima yake, kwa maana inamkumbusha mzima kwamba ajali au maradhi ya siku moja yanaweza kumweka mahali pale pale alipo yule anayemcheka. Lakini huruma peke yake haigusi suala la madaraka. Anayetoa sadaka ndiye anayeamua atoe nini, lini, na kwa masharti gani. Anayepokea kazi yake ni kushukuru. Akihoji huambiwa hana shukrani. Uhusiano wa namna hii sisi tuliotawaliwa tunaufahamu vizuri. Mkoloni naye alidai kwamba anatulea mpaka tuwe tayari kujitawala, na mwenye kuamua lini tutakuwa tayari alikuwa ni yeye.

Katika nchi za viwanda mfano ulio dhahiri ni makazi ya kutunzia watu. Huko Uingereza, Ndugu Paul Hunt, aliyekuwa na maradhi ya misuli, aliishi kwa miaka mingi katika makazi ya Le Court, Hampshire. Chakula kilikuwapo, vitanda vilikuwapo, na wahudumu walikuwapo. Wakazi hawakuwa na kauli. Hata saa ya kwenda kulala ilikuwa jambo la kugombania na uongozi. Mwezi Septemba 1972 Hunt aliandika barua katika gazeti la The Guardian akiwaita wenzake waungane. Kutokana na barua hiyo kilizaliwa chama kilichojulikana kwa herufi za UPIAS, umoja wa watu wenye vilema vya mwili waliopinga kutengwa na jamii.

KILEMA NA ULEMAVU

Mchango mkubwa wa chama hicho ulikuwa wa nadharia. Katika kijitabu cha misingi kilichochapishwa mwaka 1976, UPIAS ilitenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Jambo la kwanza ni hali ya mwili: mguu uliopooza, jicho lisiloona, sikio lisilosikia. Jambo la pili ni vizuizi ambavyo jamii humwekea mtu mwenye hali hiyo. Kwa Kiswahili tunaweza kusema kwamba kilema ni cha mwili, lakini ulemavu ni wa jamii.

Tuchukue mfano wa karibu. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anafika ofisi ya kata yenye ngazi tano, anashindwa kuingia. Mtazamo wa zamani husema ameshindwa kwa sababu ya miguu yake. Mtazamo wa UPIAS husema ameshindwa kwa sababu ya ngazi. Miguu huenda daktari asiweze kuibadili. Ngazi zilijengwa na watu, kwa uamuzi wa watu, na fundi mwashi anaweza kuweka mteremko kando yake. Kiziwi aliyehudhuria mkutano wa hadhara usio na mkalimani wa lugha ya alama hakukosa akili ya kuchangia. Amenyimwa njia.

Haikuwa bahati tu kwamba mmoja wa wajenzi wa nadharia hiyo alikuwa mpigania uhuru kutoka bara letu. Ndugu Vic Finkelstein alizaliwa Johannesburg mwaka 1938, akavunjika shingo mwaka 1954 katika mchezo wa kuruka kwa upondo. Alipojiunga na mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi, serikali ya makaburu ilimfunga jela, kisha ikampiga marufuku kushiriki shughuli za umma. Mwaka 1968 alihamia Uingereza akiwa mkimbizi. Mtu aliyekwisha kuona jinsi sheria zinavyoweza kumzuia mwanadamu kuingia mlango fulani kwa sababu ya ngozi yake, hakuhitaji kufundishwa kwamba ngazi nazo zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo.

MFANO WA BERKELEY

Nadharia lazima ipimwe kwa vitendo. Kwa hiyo tutazame mji wa Berkeley, katika jimbo la California, Marekani, ambako fikra za kuishi kwa kujitegemea zilipata chombo cha kuzitekeleza.

Ndugu Ed Roberts aliugua polio mwaka 1953 akiwa na miaka 14. Alipooza tangu shingoni kwenda chini, na usiku alilazwa ndani ya mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Shule yake ya sekondari ilitaka kumnyima cheti kwa sababu hakuwa amesoma udereva wala mazoezi ya viungo. Mama yake alipinga uamuzi huo mpaka ukabatilishwa. Ofisi ya jimbo ya kuwasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi ilimwona hafai kugharimiwa masomo, kwa hoja kwamba hataajiriwa kamwe. Mwaka 1962 alijiunga na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mabweni hayakuifaa mashine yake, akapewa chumba katika hospitali ya chuo.

Baada yake walifuata wanafunzi wengine wenye ulemavu mkubwa. Wakiwa pamoja katika wodi ile waligundua kwamba matatizo waliyoyadhani kuwa ya mtu binafsi yalikuwa ya wote: nyumba zisizoingilika, barabara zenye kingo ndefu, viti vya magurudumu visivyo na fundi, na wasimamizi wenye kuwaamulia. Kada ye yote ataitambua hatua hiyo. Ndiyo hatua ambayo watu walioonewa hutoka katika manung'uniko na kuingia katika umoja.

Mwaka 1972 walifungua kituo cha kuishi kwa kujitegemea, mjini na nje ya chuo. Kituo hicho kilikuwa na tabia tatu za kuzingatia. Kwanza, kiliongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Pili, kilishughulikia mambo ya kila siku: kuwatafutia watu wasaidizi na nyumba, kutengeneza viti vya magurudumu, kuwaeleza watu haki zao. Tatu, msaidizi alikuwa chini ya maelekezo ya yule anayesaidiwa. Mwenye ulemavu ndiye aliyemchagua, akamweleza kazi, na aliweza kuachana naye asiporidhika.

Jambo hilo la tatu ndilo kiini. Roberts hakuweza kuvaa shati bila mikono ya mtu mwingine. Lakini ni yeye aliyeamua aamke saa ngapi, avae shati gani, aende wapi na akutane na nani. Mkurugenzi wa shirika naye hapiki chakula chake wala haendeshi gari lake, na hakuna anayemwita asiyejiweza. Tofauti yao haikuwa katika kusaidiwa, maana wanadamu wote husaidiwa. Katikati ya miaka ya 1970 Roberts aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa idara ile ile ya jimbo iliyokuwa imesema hataajiriwa kamwe.

UTETEZI NI MAPAMBANO

Kituo kizuri katika mji mmoja hakitoshi ikiwa sheria za nchi zimekaa vile vile. Mwaka 1973 Marekani ilipitisha sheria ambayo Kifungu chake cha 504 kilikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Lakini sheria bila kanuni haitekelezeki, na kanuni zilicheleweshwa mwaka baada ya mwaka kwa hofu ya gharama. Hapa pana somo: haki iliyoandikwa inaweza kulazwa kabatini bila mtu kuifuta.

Tarehe 5 Aprili 1977 watu wenye ulemavu waliingia katika ofisi za wizara iliyohusika katika miji kadhaa. Huko San Francisco zaidi ya mia moja walikataa kutoka, wakiongozwa na akina Judith Heumann na Kitty Cone. Walikaa humo zaidi ya wiki tatu, baadhi yao wakihatarisha afya zao kwa kukosa vitanda na vifaa walivyovihitaji. Simu zilipokatwa, viziwi walipeleka habari kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Chama cha Black Panther kiliwaletea chakula cha moto, maana Brad Lomax, mwanachama wake aliyetumia kiti cha magurudumu, alikuwa miongoni mwao. Chama cha wafanyakazi wa mitambo kiliwasaidia wajumbe waliokwenda Washington. Tarehe 28 Aprili 1977 Waziri Joseph Califano alitia saini kanuni zile. Njia hiyo ndiyo iliyofikisha kwenye sheria pana zaidi ya mwaka 1990.

Ushindi huo haukuletwa na msemaji aliyejitolea kuwasemea. Walisema wenyewe, wakatafuta marafiki, nao marafiki wakabeba chakula bila kuuchukua uongozi.

HALI YETU

Azimio la Arusha la 1967, lilipoeleza kwamba katika nchi ya Ujamaa kila mtu afanye kazi, liliwatoa katika sharti hilo watoto, wazee, na vilema. Kusudi lilikuwa jema: asiyeweza kazi asiachwe afe njaa. Lakini msomaji mvivu anaweza kulichukua fungu hilo akahitimisha kwamba mwenye kilema ni mtoto wa kudumu. Dawa ya usomaji huo imo katika Mwongozo wa 1971, ambao ulifundisha kwamba kinachowaongezea watu uwezo wa kuamua mambo yao ni maendeleo, hata kama siku hiyo hakikuwaongezea chakula. Tukiutumia msingi huo bila kubagua, tunafika pale pale walipofika wale wa Berkeley.

Sheria zetu zimepita njia hiyo. Mwaka 1982 zilitungwa sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao kifungu chake cha 19 kinampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Sheria ya mwaka 2010 ikazungumza kwa lugha ya haki, na kumtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Tangu 2018 halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, asilimia 2 ikiwa ya watu wenye ulemavu. Lakini tumekwisha kuona jinsi Kifungu cha 504 kilivyolala miaka mitatu na zaidi.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba hatuna fedha za kumlipia kila mtu msaidizi. Kwetu msaidizi ni mama, dada, au mtoto aliyeachishwa shule ili amwongoze baba asiyeona. Hapa pana ukinzani ambao haufai kufichwa: uhuru wa mnyonge mmoja usijengwe juu ya jasho lisilolipwa la mnyonge mwingine. Ukinzani huo haumalizwi kwa kumrudisha mtu chumbani. Hupunguzwa kwa kuondoa vizuizi, maana kila mteremko, kila kisima kinachofikika na kila shule yenye maandishi ya nukta nundu humpunguzia yule mtoto mzigo. Aidha, kuulizwa maoni hakuhitaji fedha za kigeni.

WAJIBU WA KADA

Kwanza, kada aache kusemea. Vyama vipo: Chama cha Wasioona kiliundwa 1964, Chama cha Viziwi 1984, na shirikisho lao, SHIVYAWATA, mwaka 1992. Hata majina tuwaachie. Wengi wamelikataa neno vilema, lakini viziwi wamelichagua jina la viziwi wenyewe. Aliyelipokea jina kwa hiari yake hajatukanwa.

Pili, kada akague mahali anapofanyia kazi. Je, mlango unapitika? Je, mkutano una mkalimani? Je, ile asilimia 2 imetoka, na nani aliyekaa katika kikao cha kuigawa?

Tatu, katika familia na kijiji, kada auelekeze mjadala kwa mwenyewe. Mara nyingi kiongozi akitembelea nyumba yenye mtu mwenye ulemavu, humwuliza ndugu wa karibu: "Huyu anahitaji nini?" Naye yupo hapo hapo, anasikia. Swali hilo likigeuzwa na kuelekezwa kwake, kwa heshima anayostahili mtu mzima, kazi ya siasa itakuwa imeanza.