Hoja Mbele, Methali Nyuma: Kozi ya Kwanza ya Uandishi kwa Njia ya Intaneti Kambini Dzaleka

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili tumezoea kuamini kwamba mwanafunzi akishindwa kozi ya uandishi ya chuo cha ng'ambo, kilichomshinda ni Kiingereza. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba si hivyo kila mara. Mara nyingi kinachomshinda ni mahali pa kuiweka hoja yake, na hilo ni jambo ambalo sisi walimu wa Kiswahili tunaweza kumsaidia. Mfano wetu ni kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi.

Dzaleka ipo katika wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza, na wafungwa wa kisiasa walitiwa humo wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000; leo wakazi wake wamepita 50,000. Wengi wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Sokoni utasikia Kinyarwanda, Kirundi na Kichewa, lakini lugha inayowakutanisha watu wa mataifa hayo ni Kiswahili, hasa kile cha mashariki ya Kongo, ambacho msemaji wake husema "balikuya" pale tunaposema "walikuja".

Elimu ya juu kwa njia ya intaneti ilifika hapo mwaka 2010, mpango wa Wajesuti uliojulikana kwa kifupi kama JC:HEM ulipoanza majaribio yake Dzaleka, na vilevile Kakuma nchini Kenya. Wanafunzi walisomea stashahada ya Chuo Kikuu cha Regis kilichopo Denver, Marekani. Wahadhiri walifundisha kutoka mbali, wengi kwa kujitolea. Baadaye mpango huo ulipewa jina la Jesuit Worldwide Learning.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, hatuna budi kukumbuka hali ya mkimbizi nchini humo. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, haikukubali kufungwa na vifungu kadhaa, vikiwemo vinavyohusu ajira, elimu ya umma na uhuru wa kwenda atakako mtu. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Kwa mtu wa hali hiyo, chuo kinachomfuata alipo si anasa. Na kwa kuwa kozi ya uandishi huwekwa mwanzoni mwa masomo, anayeanguka hapo huwa amefungiwa mlango kabla ya kuuona ukumbi.

Kozi inadai nini?

Kozi ya mwanzo ya uandishi katika vyuo vya Kimarekani hudai mambo manne. La kwanza ni hoja kuu: sentensi moja, katika aya ya kwanza, inayotangaza msimamo wa mwandishi. La pili ni aya: kila aya ibebe wazo moja, ushahidi wake, na maelezo ya jinsi ushahidi huo unavyoitegemeza hoja kuu. La tatu ni rasimu: kazi ile ile huandikwa mara mbili au tatu, wanafunzi wakisomeana na mwalimu akitoa maoni. La nne ni vyanzo: neno la mtu mwingine litajwe mwenyewe, kwani kulichukua kimya kimya ni wizi wa maandishi.

Intaneti huongeza jambo la tano. Darasani, mwanafunzi asiyeelewa hukunja uso na mwalimu akamwona. Kwenye kozi ya mbali uso hauonekani. Swali, jibu, udhuru na hata shukrani, vyote huandikwa. Kwa hiyo mwanafunzi hujikuta akipimwa uandishi hata pale anapotaka tu kuuliza kazi inahusu nini. Asiyeuliza huhesabiwa kuwa ameelewa.

Njia tatu za kuijenga hoja

Tuchukue swali moja: je, mkimbizi aruhusiwe kufanya biashara nje ya kambi? Mwanafunzi wa Dzaleka analo jibu, tena jibu la kuishi nalo. Lakini ataliandika vipi?

Kama amelelewa na insha yetu ya Kiswahili, huenda akaanza hivi: "Wahenga walisema, mtegemea cha ndugu hufa maskini. Methali hii ina maana kwamba..." Ataifafanua methali, atasimulia kisa, na msimamo wake utajitokeza mwishoni kama funzo. Msikilizaji ameandaliwa kwanza, kisha akapewa neno. Ni adabu njema ya mazungumzo.

Kama amesoma Bukavu au Bujumbura katika shule za mfumo wa Kifaransa, amefundishwa utaratibu mwingine: kwanza upande wa wanaokubali, pili upande wa wanaopinga, tatu usuluhishi wa pande hizo mbili. Kutangaza msimamo wake katika mstari wa kwanza kungeonekana pupa, kama hakimu anayetoa hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi.

Mhadhiri aliyepo Denver anangoja jambo la tatu: "Mkimbizi aliyeishi Malawi zaidi ya miaka mitano aruhusiwe kufanya biashara Lilongwe, kwa sababu mgawo wa chakula haumtoshi, na kwa sababu ushuru atakaolipa utainufaisha jamii inayompokea." Hoja mbele, sababu zikifuata nyuma yake, na kila sababu itapewa aya yake. Anayepinga atajibiwa pia, lakini baada ya msomaji kujua mwandishi amesimama wapi.

Sasa tazama kinachotokea. Mwanafunzi anatuma insha aliyoijenga kwa njia ya kwanza au ya pili. Anarudishiwa maoni mafupi: hoja kuu iko wapi? Yeye anajua ipo, ameiweka mwishoni, mahali pa heshima. Kwa kuwa hamwoni mwalimu, anadhani kosa ni la sarufi. Anasahihisha nyakati za vitenzi usiku kucha na kutuma tena insha yenye mpangilio ule ule. Anarudishiwa swali lile lile. Hapo ndipo wengine hukata tamaa, wakiamini kwamba hawana akili ya chuo kikuu, ilhali walichokosa ni kuambiwa kwamba kila jadi ina mahali pake pa kuweka hoja.

Saa na umeme

Hatuwezi kuacha kutaja vikwazo vya kawaida. Kazi inayotakiwa kabla ya saa sita usiku Jumapili kwa saa za Denver, Malawi inakuwa kabla ya saa tatu asubuhi Jumatatu. Wakati wa kiangazi cha Marekani, saa za huko zinaposogezwa mbele, inakuwa kabla ya saa mbili. Asiyejua badiliko hilo hupoteza saa nzima siku ya mwisho. Umeme nao una yake. Sehemu kubwa ya umeme wa Malawi hutoka katika mitambo ya mto Shire, na kimbunga Ana kilipokiharibu kituo cha Kapichira Januari 2022, nchi nzima iliona giza. Kwa hiyo shauri la kwanza kwa mwanafunzi ni hili: pakua maelekezo ya juma zima siku ya kwanza, andika bila intaneti, weka nakala kwenye flashi, na utume kazi siku moja kabla.

Walimu wa Kiswahili tufanye nini?

Kwanza, tumruhusu mwanafunzi afikiri kwa lugha yake. Kabla ya kuandika kwa Kiingereza, ajibu kwa Kiswahili, kwa sentensi moja: nasema nini, na kwa nini? Hata akiandika "balikuya", tusimkatize. Tunatafuta hoja, usanifu utakuja kwa wakati wake.

Pili, tufundishe mipangilio yote mitatu waziwazi, tukiipa kila mmoja jina na mahali pake. Zoezi zuri ni kumpa mwanafunzi insha yake mwenyewe, apigie mstari sentensi yenye msimamo, kisha aihamishe kutoka aya ya mwisho hadi ya kwanza. Atashangaa kuona kazi iliyobaki ni ndogo. Methali haifi, inaweza kufungia insha badala ya kuifungua.

Tatu, tuzoeze rasimu. Katika shule zetu nyingi insha huandikwa mara moja, hutiwa alama nyekundu, na safari huishia hapo. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo huyaona maoni ya mwalimu kuwa ni hukumu, kumbe ni mwaliko wa kuandika tena.

Nne, tuseme ukweli kuhusu programu za akili bandia zinazoandika insha kwa dakika moja. Programu hiyo itaweka hoja mbele bila taabu, lakini haitakuwa hoja ya mwanafunzi. Mkimbizi atakayehitaji kesho kuandika barua ya kutetea haki yake, au ombi la ufadhili, atahitaji kujua mwenyewe anasema nini na kwa sababu gani.

Tunamalizia kwa kujitazama sisi wenyewe. Mwaka 2019 Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC, na Malawi ni mwanachama. Tumeshangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini lugha hukua pia pale kijana wa Dzaleka anapopanga hoja yake kwa Kiswahili saa nne usiku, akiwa na betri iliyobakiza nusu, ili asubuhi aweze kuitetea kwa Kiingereza mbele ya mwalimu asiyemwona. Tukimfundisha kuipanga vema, hata mlango ambao si wetu tutakuwa tumemsaidia kuufungua.