Gari Likipoteza Nguvu Njiani: Tuchunguze Kabla ya Kumlipisha Dereva

Ndugu madereva na makondakta,

Wengi wetu tunaoendesha kati ya Nakivale na Mbarara twaijua shida hii. Gari latoka Base Camp vizuri, limejaa abiria na mizigo. Likianza kupanda kilima, nguvu zapungua. Unakanyaga mafuta mpaka chini, gari halisikii. Unasimama pembeni, dakika kumi zapita, unawasha tena, nalo laenda kama kwamba halikuugua. Kesho yake larudia.

Hasara zake ni tatu. Hesabu ya siku haifiki. Abiria huwa hatarini, hasa nguvu zikipotea katikati ya kulipita lori. Tena tajiri humshuku dereva kwamba ameuza mafuta au ameua injini. Mwenzetu mmoja alikatwa mshahara miezi miwili ili inunuliwe pampu ya mafuta. Pampu ikafungwa, na ugonjwa ukabaki pale pale. Mwishowe ikaonekana kuwa kosa ni mfuniko wa tangi. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze jambo hili kwa utaratibu. Tunasema juu ya zile HiAce za zamani za dizeli, zenye injini za 2L, 3L na 5L.

Tangu 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Lakini yaliyokwisha kuwamo yanaendelea na kazi, nasi ndio tunaoyaendesha. Lazima tuyajue.

Kwanza tuelewe hivi: uchakavu hauji na kuondoka. Ringi na silinda zilizolika hudhoofisha injini kila siku, asubuhi na jioni. Injini huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, na hutoa moshi wa buluu kwa kula oili. Lakini gari lenye nguvu asubuhi na lisilo nazo saa sita lina kitu kinachoziba na kuzibuka, au kinacholegea na kushika. Hata kama limekwenda kilomita 400,000, tusikubali upesi kwamba injini imekufa.

Pili, kondakta atazame moshi wakati nguvu zinapopotea. Moshi mweusi maana yake hewa haitoshi kuchoma mafuta, au nozeli zinamwaga vibaya. Anza na filta ya hewa, kwa sababu vumbi la barabara ya udongo kabla ya kufika lami huijaza upesi. Tazama pia mpira wa hewa; ukiwa mzee hulainika kwa joto na kujikunja ndani. Kama hakuna moshi na injini inafifia polepole, mafuta hayafiki. Hapo fuata njia ya mafuta, ukianza na yasiyo na gharama:

1. Mfuniko wa tangi. Tangi lazima livute hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Tundu la hewa likiziba kwa vumbi, pampu hushindwa kuvuta. Gari likipoteza nguvu, fungua mfuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo na gari likapona, umepata jibu bila kulipa hata shilingi.

2. Filta ya mafuta. Legeza kizibo cha chini, mwaga katika chupa safi, uiache itulie. Maji hukaa chini, dizeli juu. Mafuta ya madumu yaweza kuwa na maji na mchanga.

3. Tangi lenyewe. Uchafu hufuata mafuta mpaka kwenye mdomo wa bomba na kuuziba. Ukizima injini, uchafu huanguka, na gari hupona kwa muda.

4. Mipira ya mafuta. Mpira wenye ufa kabla ya pampu waweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone. Mwambie fundi afunge kipande cha mpira unaoonyesha ndani, mapovu yataonekana.

5. Nyaya. Injini ikizimika ghafla kwenye shimo, kisha ikashika tena, tazama waya wa swichi ya kukata mafuta iliyo juu ya pampu.

Tusisahau kwamba si kila udhaifu ni wa injini. Injini ikilia sana na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, breki imeshika.

Yakishindikana hayo, gari lijaribiwe bila abiria, mafuta yakitoka kwenye dumu safi moja kwa moja mpaka filta. Likipata nguvu, kosa liko kwenye tangi au mabomba, wala si kwenye pampu. Lisipopata, ndipo pampu na nozeli zipelekwe Mbarara kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima.

Ndugu, kila dereva awe na daftari. Aandike saa, mahali, kiasi cha mafuta tangini, mzigo, rangi ya moshi, na gari lilivyopona. Tajiri akitaka kukata mshahara, daftari hilo liwekwe mezani mbele ya fundi na mwakilishi wa chama. Asiyeandika atabishana kwa maneno matupu, na mwenye gari ndiye mwenye kalamu. Tusitie sahihi deni la pampu ambayo haijapimwa.